Niombeeni Mgongo

Mimi miili ya wanawake haijawahi kunitisha. Ndiyo kazi yangu. Mtu akiingia tu dukani kwangu, kabla hajakaa nimeshajua bega lipi limeshuka na nyonga ipi imezidi mwenzake. Wateja wakivuta tumbo ndani nikiwazungushia futi, huwa nawaambia, "Pumua, mama. Hii nguo utaivaa ukiwa hai." Wanacheka, wanaachia tumbo, nami nachukua kipimo cha kweli. Mtaa mzima unajua kwamba Fundi hana breki mdomoni. Kuna bibi harusi aliwahi kulia humu ndani kwa sababu nilimwambia gauni alilochagua litamfanya aonekane kama kitanda kilichotandikwa. Alinuna, akabadilisha, na baada ya harusi alikuja kunishukuru.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshindwa kutaja kitu kidogo kilichokuwa kwenye titi lake la kushoto.

Nilikigusa nikiwa naoga. Kilikuwa kigumu, ukubwa wa kifungo cha koti, na wala hakikuuma. Nikajiambia ni nyama tu. Nikajiambia ni umri. Nikajiambia labda nilijigonga kwenye ncha ya meza ya kukatia. Mtu akiamua kujidanganya hakosi maneno. Lakini moyoni nilijua, kwa sababu mama yangu alikufa kwa hicho hicho.

Mama alificha mpaka harufu ikamsema. Tulipomvua nguo na kuona, hapakuwa tena na la kufanya. Siku ya mazishi kila aliyesimama kuzungumza alisema jambo lile lile, kwamba huyu alikuwa mwanamke jasiri, aliteseka na hakumsumbua mtu. Watu walitikisa vichwa, wakafuta machozi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, na maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikaamini kwamba mwanamke akiwa jasiri hufunga mdomo.

Nasali kanisa lililo nyuma ya barabara ya soko, na kila wiki baada ya kazi tunakutana wanawake kwa maombi kwenye chumba kidogo cha pembeni. Tunapanga viti mduara, kila mmoja anataja haja yake, wengine tunamwombea. Anayetuongoza tunamwita Mama Mwenyekiti. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtu aliyezimia. Siku ile nilikwenda nimejipanga. Nilikuwa nimelirudia neno lenyewe njiani kama mtoto anayetumwa dukani. Zamu yangu ikafika.

"Fundi wetu, na wewe una nini?" akauliza Mama Mwenyekiti.

Nikafungua mdomo. Wanawake wote wananiangalia. Uso ukanichoma, nikasikia sauti yangu inasema, "Niombeeni mgongo."

Hee! Mgongo wangu ulikuwa mzima kabisa. Lakini kwa fundi cherehani nani angeshangaa? Walinizunguka, wakaniwekea mikono mgongoni, wakaomba kwa nguvu mpaka kiti kikatikisika. Mama Mwenyekiti alikuwa anatoa jasho. Mimi nimeinamisha kichwa, huku chini ya mkono wangu wa kushoto kile kitu kimekaa kimya, hakuna aliyekiombea.

Tangu siku hiyo mgongo wangu ukawa mali ya kanisa. Huyu ananiletea dawa ya kuchua, yule ananiletea mto wa kukalia, mwingine ananifundisha namna ya kuinuka kitandani. "Mgongo vipi, Fundi?" naulizwa barabarani, nami nalazimika kujishika kiuno na kukunja uso kidogo. Nilikuwa nawaigizia watu wanaonipenda. Nikirudi nyumbani nilipiga magoti, na hata huko sikusema. Nilikuwa namwambia Mungu, "Bwana, wewe unaijua haja yangu," kisha amina, nalala. Kana kwamba na Yeye nikimtajia titi ataona haya.

Kisha Mama Mwenyekiti akapotea. Tuliambiwa anaumwa, yuko hospitali, na ukizidi kuuliza watu wanabadilisha mazungumzo. Aliporudi alikuwa amepungua mwili, lakini sauti ilikuwa ile ile. Jioni hiyo hakusubiri zamu. Alisimama katikati ya mduara, akasema, "Dada zangu, nilikuwa na saratani ya titi. Wameliondoa titi lote la kushoto. Bado kuna dawa zinanisubiri, na ninaogopa. Niombeeni hilo, na mlitaje kwa jina lake."

Chumba kizima kikatazama chini. Mmoja akakohoa, mwingine akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo.

"Mbona mnaangalia sakafu?" akasema. "Titi haliko sakafuni."

Tukacheka, wengine huku tunalia, tukamwombea. Mimi nilimwombea nikiwa nimeukunja mkono wangu wa kushoto ubavuni kama ndege aliyeumia. Nilijiambia, sasa. Sasa hivi mlango umefunguliwa, ingia. Zamu ilipofika kwangu nikasema mgongo unaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nilijichukia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sasa sikilizeni nilichofanya baada ya hapo, maana hiki ndicho kinachonifanya mpaka leo nikikumbuka nijifunike uso.

Kikundi chetu kilikuwa na sherehe kanisani, tukaamua kushona sare mpya. Kitambaa cha bluu, mkono mrefu, shingo ya duara. Kazi yote ikaja kwangu. Wanawake walikuja mmoja mmoja, nikawapima, nikawatania, nikawakemea waliotaka nibane kuliko miili yao inavyoruhusu. Binti yangu alikuwa kwenye mashine ya kumalizia pindo. Tunaishi wawili, baba yake alishatangulia, na kazi ameijua tangu miguu yake haijafika kwenye pedeli.

Mama Mwenyekiti akaja. Akasimama mbele yangu, akainua mikono mwenyewe. "Fundi wangu," akasema, "pima huku vizuri. Huku sasa ni tambarare kama meza yako."

Na mimi, mwenye mdomo wangu mrefu, nikaangalia kalenda iliyoko ukutani. Nilimzungushia futi huku macho yangu yakisoma tarehe. Vidole vyangu vilipokaribia upande ule nikaviondoa kama nimegusa pasi ya moto. Kifua cha namna ile hupimwa kila upande peke yake, kutoka begani kushuka, na hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Nilichukua duara moja tu, basi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza. Kazi yangu naijua."

Nilipokata, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mazoea. Nikaweka mikunjo ya kifua, ile inayolipa titi nafasi, pande zote mbili, kulia na kushoto, kama kwa mwanamke mwingine yeyote. Nikashona. Binti yangu aliishika ile nguo, akaigeuza, akaniangalia. "Mama, hii ni ya Mama Mwenyekiti?"

"Pindo, nimekwambia piga pindo. Maswali ya nini?"

Mama Mwenyekiti alipokuja kuichukua nilimwambia hakuna haja ya kujaribu. Mimi, ninayewarudisha watu kutoka mlangoni wakajaribu! Angejaribu angevua, na angevua ningeona. Nikamfungia kwenye mfuko, nikamsindikiza haraka kama mtu ninayemfukuza.

Jumapili ya sherehe tukaingia kanisani wote bluu. Kweli tulipendeza. Mama Mwenyekiti akaenda mbele kuongoza wimbo, akainua mikono juu kama kawaida yake. Upande wa kulia nguo ilikaa. Upande wa kushoto kitambaa kilijaa hewa, kikasimama, halafu kikaporomoka ndani, mfuko mtupu mbele ya kanisa zima. Kila aliposhusha mkono kinaporomoka, kila alipoinua kinasimama. Nilisikia wasichana wawili nyuma yangu wanabana kicheko. Mhudumu mmoja akakimbia na mtandio ili amfunike.

Mama Mwenyekiti aliutazama mtandio, akatikisa kichwa, akaendelea kuimba. Wala hakuacha kuinua mikono. Aliimba mpaka ubeti wa mwisho nguo yangu ikimwaibisha, na sauti yake haikutetemeka. Mimi ndiye niliyetetemeka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kitambaa changu cha bluu.

Nje, baada ya ibada, mwanamke mmoja mwenye mdomo mkali akaanza, "Hii ni dharau! Fundi gani anashona hivi? Ni kumdhihaki mgonjwa!"

"Nguo ni kitambaa na uzi," akajibu Mama Mwenyekiti. "Mimi na fundi wangu tutaifumua. Wewe kula keki."

Alikuwa ananitafuta kwa macho. Nilikuwa nimejificha nyuma ya gari la mchungaji. Aliponiona nikamwambia mgongo umeniuma ghafla, nikaondoka. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele yake. Nilifika nyumbani nikajifungia chumbani, nikajiuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Kesho yake asubuhi akaja dukani na mfuko wake. Nilipomwona mlangoni nikamwambia binti yangu, "Nenda kaninunulie uzi wa bluu."

"Uzi upo, mama."

"Nenda kanunue mwingine."

"Mwache mtoto afanye kazi," akasema Mama Mwenyekiti. "Si mwanamke? Abaki." Akavuta pazia la dirisha, akafungua zipu, akaivua nguo aliyovaa, akasimama na gagulo lake katikati ya duka. Hakujifunika. "Leo utaniangalia, Fundi. Sikuja kugombana. Nimekuja kupimwa."

Nikaangalia. Upande wa kulia titi lake, lenye michirizi ya kunyonyesha. Upande wa kushoto ngozi iliyonyooka, na kovu limekatiza kutoka karibu na kwapa mpaka katikati ya kifua. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha. Kumbe ni mwili wa mtu, umeshonwa. Mshono wenyewe ulikuwa umenyooka, haukuvuta popote.

"Aliyekushona," nikasema, "alikuwa fundi."

Akacheka mpaka kovu likacheza. Nikaanza kupima, safari hii kama inavyotakiwa, begani kushuka, kulia peke yake, kushoto peke yake. Vidole vyangu viligusa ngozi ile na havikuungua. Nikamvalisha lile gauni la bluu, nikajaza pini mdomoni, nikaanza kufumua ule mkunjo wa kijinga.

"Nisamehe," nikasema katikati ya pini.

"Nimeshasamehe jana. Isingekuwa hivyo ningekuja na mwavuli nikuchape."

"Wewe uliwezaje? Jana. Na siku ile ulipotuambia. Hukuogopa?"

"Nani kakwambia sikuogopa? Nilipoambiwa, nilikaa chooni hospitalini nikagoma kutoka. Muuguzi alinibembeleza kupitia mlangoni. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja, muuza mboga. Kidonda chake kilikuwa kibaya kuliko changu. Kila asubuhi kabla hajafunguliwa bandeji alikuwa anasali kwa sauti, wodi nzima tunasikia. 'Bwana, leo kidonda kinanuka, na mimi nimekata tamaa, njoo hivyo hivyo.' Hivyo tu. Mimi mwenyekiti wa maombi, miaka yote namsemesha Mungu kwa mafumbo kama mtu anayeposa! Nikamsikiliza yule mama nikaona haya. Nikajaribu na mimi. Nikasema, Bwana, ni titi, na sitaki likatwe. Nikalia sana. Lakini baada ya hapo nikaweza kutoka kitandani."

"Yuko wapi sasa?"

"Alifariki. Alifariki akiwa anajua jina la kinachomuua, na akiwa na watu wamemshika mkono."

Nikafikiria mama yangu, aliyekufa amejiviringisha nguo peke yake kwenye chumba cha nyuma. Tulimsifu kwa upweke ule. Nikatoa pini mdomoni moja moja, nikazichomeka mezani, kwa sababu nilijua nikiendelea kuwa nazo nitakuwa na sababu ya kunyamaza.

"Mama Mwenyekiti, siyo mgongo."

"Siyo mgongo nini?"

"Mgongo wangu mzima. Haujawahi kuuma. Nina uvimbe. Kwenye titi."

Mashine ya binti yangu ilisimama ghafla, nikasikia sindano imevunjika.

Mama Mwenyekiti alinitazama. Nilitegemea anikumbatie. Badala yake akafoka. "Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaenda hospitali."

"Na mimi nimefunga kwa ajili ya mgongo wako! Nimeshinda njaa, Fundi! Nimeweka mikono yangu hii kwenye mgongo mzima, na ugonjwa umekaa mbele unanicheka?" Alikuwa analia kwa hasira, amesimama na gauni lililojaa pini. "Nilisimama mbele yenu nikavua aibu yangu yote ili mtu kama wewe aseme. Nawe ukaniambia mgongo unaendelea vizuri!"

Nilisimama pale kama mtoto aliyeshikwa anaiba sukari. Uso wangu ulikuwa unawaka, na machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye futi iliyoning'inia shingoni.

Alipotulia alisogea karibu. "Naweza?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akaweka kiganja chake hasa pale penyewe, juu ya blauzi, wala hakukosea upande. Hakuomba kwa sauti ya kanisani. Alisema, "Bwana, huyu ni fundi wangu. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto, na ni mwoga, kama mimi nilivyo mwoga. Mpe miguu ya kwenda hospitali." Basi. Akasema amina, nikasema amina. "Kesho asubuhi nakupitia hapa. Nikikuta umefunga duka nitakuja na kanisa zima."

Alivaa nguo yake aliyokuja nayo, akaliacha gauni, akaenda zake.

Binti yangu alikuwa bado ameinamia mashine, ameshika ile sindano iliyovunjika. Nikajua amekasirika. Angekosaje kukasirika? Tunakula sahani moja, tunalala chumba kimoja, nami nimemficha.

"Umesikia," nikasema. "Samahani, mwanangu. Nilitakiwa nikwambie wewe kwanza. Sikutaka kukusumbua."

Aliinuka, akaenda kufunga mlango kwa komeo. Akarudi akasimama mbele yangu, pale pale aliposimama Mama Mwenyekiti, akaanza kufungua vifungo vya blauzi. Kifungo kimoja kikamshinda. Akauchukua mkono wangu, akauingiza kwenye titi lake la kulia, upande wa kwapani, akaubonyeza.

Kilikuwepo. Kidogo, kinateleza chini ya vidole.

"Lini?" nikauliza.

"Muda sasa."

"Mbona hukuniambia? Mimi mama yako! Mbona umekaa na kitu hiki peke yako?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyetarajia sifa akapata kofi. "Si wewe ndiye ulikuwa unanisimulia habari za bibi?" akasema. "Kwamba alikuwa jasiri, hakumsumbua mtu. Nilikuwa najikaza kama bibi."

Mungu wangu. Nimeshona nguo za watu maisha yangu yote, na mwanangu nikamvika hiyo. Nilikaa chini sakafuni kwenye vipande vya kitambaa cha bluu, nikamvuta akakaa mapajani pangu, mtu mzima huyu, na blauzi yake wazi. Nikamwambia bibi yake alikuwa anaogopa. Nikamwambia aliogopa na alikuwa peke yake, na sisi tuliomsifu tulikuwa wajinga, na mimi nilikuwa mjinga kuliko wote. Kisha nikasali, mara ya kwanza kwa maneno yenye majina: Bwana, titi langu, na titi la mwanangu, tunaogopa wote wawili. Alisema amina kwa sauti ndogo, pua imeziba.

Asubuhi Mama Mwenyekiti alitukuta tumesimama nje ya duka, tumevaa. Nilipomwambia habari ya binti yangu, alimshika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika hospitalini.

Kwenye chumba cha kusubiri benchi zote zilikuwa zimejaa, wanaume kwa wanawake, na hata baba mmoja jirani yetu, mteja wa suruali zangu. Muuguzi alikaa dirishani, akaniuliza bila kuinua macho, "Mgonjwa ni nani, na shida ni nini?"

Binti yangu akainamisha kichwa. Nilihisi damu yote inapanda usoni. Lile neno la zamani likaja lenyewe mdomoni, limejipanga tayari kutoka. Nikalimeza.

"Wagonjwa ni wawili, mimi na binti yangu," nikasema. "Tuna vinundu kwenye matiti."

"Sema kwa sauti, mama. Sijakusikia."

Nikasema kwa sauti. Benchi zote zikageuka, na yule jirani akafanya kama anasoma tangazo ukutani. Uso uliniwaka moto. Binti yangu akainua kichwa, akamtazama muuguzi, akasema, "La kwangu ni la kulia."